Dakika Mbili Sakafuni: Uchovu wa Misuli na Pushapu za Askari wa Kike

Pushapu ni zoezi la kuusukuma mwili wenyewe. Hakuna chuma cha kuongeza wala cha kupunguza: uzito ni ule ule anaotembea nao mtu, ila hausukumwi wote. Mikono ikiwa imenyooka, viganja hubeba takriban theluthi mbili ya uzito wa mwili, na kifua kikikaribia sakafu mzigo huo hupanda hadi karibu robo tatu. Kinachobaki hubebwa na vidole vya miguu. Kwa hesabu hiyo, mwanamke wa kilo 60 husukuma kilo 40 hadi 45 kila anapoinuka. Kazi kubwa hufanywa na misuli ya kifua, ya mbele ya bega, na traisepsi, yaani msuli wa nyuma ya mkono unaonyoosha kiwiko. Misuli ya tumbo, mgongo na makalio haisukumi chochote. Kazi yake ni kuuzuia mwili usipinde, na ikichoka kabla ya mikono, kiuno hushuka na pushapu huharibika hata kama mikono ingali na nguvu.

Majeshi hulipenda zoezi hili kwa sababu halidai kifaa chochote. Panapopatikana nafasi ya kulala kifudifudi, mtihani unaweza kufanyika. Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lililiweka katika mtihani wa utimamu wa mwili ulioanza mwaka 1980, pamoja na sitapu na mbio za maili mbili, na mtihani huo ulidumu takriban miaka 40. Wakati ule jeshi hilo lilikuwa linajifunza kuishi na wanawake ndani ya safu moja na wanaume. Kikosi cha wanawake kilichoundwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, WAC, kilivunjwa mwaka 1978 na askari wake wakaingizwa katika jeshi la kawaida. Chuo cha maofisa cha West Point kilipokea wasichana wa kwanza mwaka 1976, na wale waliovumilia walihitimu mwaka huo huo wa 1980. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo mtihani ulilazimika kuwapima wote uwanjani pamoja, lakini kwa vipimo tofauti.

Vipimo vyenyewe, kwa jinsi vilivyosomeka katika miaka yake ya mwisho, vilikuwa hivi. Msichana wa miaka 17 hadi 21 alihitaji pushapu 19 ndani ya dakika mbili ili afaulu, na 42 ili apate alama zote 100. Mvulana wa umri huo alihitaji 42 ili afaulu tu, na 71 ili apate alama zote. Maana yake, kazi iliyompa msichana sifa ya juu kabisa ilimpa mvulana wa pembeni yake nafasi ya kuponea chupuchupu. Namba hiyo 42 ilizaa maneno mengi mabwenini, mengine ya utani, mengine ya kuumiza. Katika mafunzo ya awali, ambako alama 50 kwa kila zoezi zilitosha, msichana alivuka kwa pushapu 13 na mvulana kwa 35.

Miongoni mwa waliokutana na hiyo 13 wamo wasemaji wa Kiswahili. Mhamiaji mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kujiandikisha katika jeshi la Marekani, na utumishi humfungulia njia ya uraia. Wakenya, Watanzania na majirani zao wameipita njia hiyo. Wanawake wengi hupelekwa Fort Jackson, Carolina Kusini, kambi inayofundisha zaidi ya nusu ya wanawake wanaoingia katika jeshi hilo. Kumbukumbu za mmoja wao, binti aliyekulia vilima vya Usambara karibu na Lushoto, zinafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu tatizo lake ni la wengi. Alikuwa na miguu iliyozoea miinuko na shingo iliyozoea mzigo wa kuni. Mchakamchaka wa alfajiri haukumtisha. Lakini kazi zote alizokuwa amezifanya tangu utotoni zilikuwa za kubeba, kuvuta, kulima na kuinua. Ya kuusukuma uzito mbali na kifua, tena mara nyingi mfululizo, hakuwahi kuifanya, na siku ya kwanza sakafuni mikono yake ilisema hivyo waziwazi.

Namna pushapu zilivyohesabiwa katika mtihani wa wakati huo ndiyo iliyomfundisha kilichokuwa kikitokea. Msimamizi alikaa karibu na bega la anayepimwa na kutaja kwa sauti namba ya kila pushapu iliyotimia. Mwili ukishuka, ilibidi sehemu ya juu ya mkono iwe sambamba na ardhi. Ukipanda, ilibidi kiwiko kinyooke. Isiyotimia haikuhesabiwa, na msimamizi alirudia tu namba iliyopita. Mwanzoni sauti huenda vizuri: saba, nane, tisa. Kisha husikika: kumi. Kumi. Kumi. Anayepimwa anajua kuwa amepanda na kushuka mara tatu, amelipa gharama yote ya pushapu tatu, na amepewa moja. Akitazamwa kutoka ubavuni, yanaonekana mambo matatu yakifuatana: viwiko vinaanza kutanuka kwenda nje, mabega yanapanda kuelekea masikioni, kisha kiuno kinashuka. Mikono hutetemeka mwishoni kabisa. Asiyejua husubiri mtetemo ndipo aseme huyu amechoka, kumbe uchovu umeshaingia kitambo.

Ndani ya msuli mambo huenda hivi. Nishati iliyo tayari kutumika, ATP, ni akiba ya sekunde chache tu. Huongezewa haraka na kretini fosfeti, ambayo kwa kazi kali hupungua sana ndani ya sekunde kumi hivi. Baada ya hapo msuli hutegemea zaidi kuvunja glikojeni, sukari iliyohifadhiwa ndani yake, bila kungoja oksijeni ya kutosha. Njia hiyo ni ya haraka lakini huacha mabaki. Fosfeti na haidrojeni hujikusanya, kalsiamu inayoziamuru nyuzi zijikunje hutoka kwa kiasi kidogo zaidi, na kila mkunjo huwa dhaifu kuliko uliotangulia. Ubongo nao hupunguza msukumo unaoutuma, kana kwamba unakataa kuendelea kugharimia kazi isiyolipa. Asidi ya laktiki, iliyolaumiwa miaka mingi katika viwanja vya mazoezi, haistahili lawama zote hizo, kwani laktiki yenyewe huchukuliwa na moyo na misuli mingine ikatumika kama nishati. Wala maumivu ya siku ya pili au ya tatu hayatokani nayo. Hayo hutokana na michubuko midogo katika nyuzi, hasa ya wakati wa kushuka, pale msuli unaporefuka huku ukiwa umekaza.

Damu ina neno lake pia. Msuli uliokaza kwa nguvu huibana mishipa iliyo ndani yake, na oksijeni haipiti inavyotakiwa. Ndiyo sababu kusimama katikati ya pushapu, viwiko vikiwa vimekunjwa, kunamaliza nguvu kuliko kuendelea. Sheria za mtihani wa zamani ziliruhusu kupumzika juu tu, mikono imenyooka, viganja na miguu ikiwa bado chini. Mtu aliweza hata kuinua makalio au kulegeza kiuno kidogo, bali goti likigusa ardhi mambo yalikwisha. Pumziko hilo ni nusu pumziko. Viwiko vikiwa vimefungwa, mifupa hubeba sehemu kubwa ya mzigo na msuli hupata damu kidogo. Kretini fosfeti, damu ikipita vizuri, hurudi karibu nusu yake katika muda wa nusu dakika, lakini kujaa kabisa huchukua dakika kadhaa, na dakika hizo mtihani hauna. Hapa uzoefu wa waliofaulu na sayansi vinakubaliana: anayepumzika kwa sekunde tano kabla ya kuishiwa hupata pushapu nyingi zaidi kuliko anayesubiri mikono ikatae ndipo apumzike kwa sekunde ishirini.

Je, basi, askari wa kike huchoka upesi kuliko wa kiume? Wengi hudhani ndivyo, na vipimo tofauti vya mtihani vilionekana kuithibitisha dhana hiyo. Ukweli ni karibu kinyume. Mtu akipewa mzigo unaolingana na uwezo wake mwenyewe, tuseme nusu ya kile anachoweza kukisukuma mara moja tu, wanawake mara nyingi hustahimili muda mrefu kuliko wanaume, hasa katika kazi ya kukaza msuli bila kusogea. Sababu zinazotajwa ni kadhaa: msuli wenye nguvu ndogo haubani mishipa yake kiasi hicho, nyuzi za polepole zisizochoka upesi huchukua sehemu kubwa zaidi ya msuli wa mwanamke, na mwili wake hutumia mafuta zaidi na glikojeni kidogo.

Kasoro iko kwingine. Nguvu za sehemu ya juu ya mwili wa mwanamke, kwa wastani, ni kama nusu ya zile za mwanamume au zaidi kidogo. Kwenye miguu tofauti ni ndogo zaidi. Sasa ile hesabu ya kilo 40 irudiwe. Kwa mwanamume anayeweza kusukuma kilo 100 mara moja, pushapu ni mzigo wa karibu nusu ya uwezo wake, na makumi ya marudio hayamshindi. Kwa mwanamke ambaye kilo 45 ndizo mwisho wa uwezo wake, kila pushapu ni karibu na kikomo, na hakuna msuli wa binadamu, wa kike au wa kiume, unaorudia kazi ya kikomo mara ishirini. Anachokosa kwanza ni akiba ya nguvu, na ustahimilivu wake hauwezi hata kuonekana mpaka akiba hiyo ipatikane.

Tofauti hii kati ya nguvu na ustahimilivu inabadilisha mazoezi yote, na ndiyo iliyomwokoa yule binti wa Usambara. Kambini alikuwa akifanya kama wengi wanavyofanya: kila jioni, kabla ya taa kuzimwa, anapiga pushapu mpaka anaanguka, kesho anaamka na kifua kinachouma, na siku ya majaribio hesabu haipandi. Aliyemtoa hapo ni sajini mmoja Mkenya katika kikosi alichopangiwa baadaye, mwanamke aliyemzidi umri. Kwenye gwaride binti alimwita Sajini kama wote. Jioni, wakiwa wawili, alimwita dada. Dada alimkataza kuanguka. “Mdogo wangu, ukiwa unaweza kumi, piga tano, uondoke. Rudi baada ya saa moja.” Kisha akamwonyesha meza ya chumba cha kufulia nguo: viganja juu ya meza, mwili umenyooka kama kawaida, kifua kishuke polepole mpaka kiguse ukingo. Meza ikawa rahisi, wakahamia kwenye benchi. Benchi likawa rahisi, wakahamia kwenye ngazi ya chini.

Ushauri wa meza una msingi wake. Kuinua mikono hupunguza mzigo bila kubadili umbo, kwa hiyo tumbo na makalio hujifunza kazi yao sambamba na mikono. Pushapu za magoti, ambazo wasichana wengi huelekezwa kwazo tangu shuleni, hupunguza mzigo hadi nusu hivi au kidogo zaidi, lakini humwondolea mtu sehemu ya kushikilia kiuno na miguu, na siku anapoyaondoa magoti chini hukuta kiuno hakijui kitu. Hazina ubaya kama nyongeza, mwishoni mwa zoezi mikono ikiwa imechoka. Ubaya ni kuzifanya makao ya kudumu.

Kushuka polepole, kwa sekunde tatu au nne, kuna faida kubwa kwa sababu msuli unaweza kuzuia mzigo mzito kuliko ule unaoweza kuupandisha. Hata asiyeweza pushapu moja anaweza kushuka nayo. Ila ndiyo kazi inayochubua nyuzi zaidi, hivyo haifai kila siku, na siku mbili baina ya vipindi vizito si uvivu. Kuna pia jambo linalowakatisha tamaa wengi bila sababu: katika wiki nne hadi sita za mwanzo hesabu huweza kupanda huku mkono ukibaki na unene ule ule. Kinachobadilika wakati huo ni mfumo wa fahamu, unaojifunza kuziamsha nyuzi nyingi kwa wakati mmoja. Unene huja baadaye, na kwa mwanamke hauji kwa kiasi wanachoogopeshwa nacho.

Adui mkubwa wa mpango wa namna hii ni pushapu za adhabu. Waliopita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la Tanzania wanalijua jambo hilo kwa jina la doso. Jeshi la Marekani lina majina yake, lakini sakafu ni ile ile. Kuruta aliyechelewa mstarini, aliyesahau kofia, au aliyecheka wakati usiofaa, hulala chini na kusukuma. Jambo lenyewe lina maana yake katika kujenga nidhamu. Kama zoezi, halina thamani, kwa kuwa huja bila mpango, juu ya misuli ambayo bado inajijenga upya, na humzoesha kuruta kusukuma vibaya ilimradi aonekane anasukuma. Mwongozo wa mazoezi wa jeshi hilo wa mwaka 2012 uliweka kikomo cha marudio matano kwa zoezi linalotumika kumrekebisha askari. Kikomo hicho hakikutungwa kwa huruma tu. Pushapu nyingi kupita kiasi kwa asiyezoea zinaweza kuvunja nyuzi za misuli hadi yaliyomo yakamwagika katika damu na kuziba figo. Dalili yake ni mikono iliyovimba isiyokunjika, na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi au koka. Huyo hapelekwi bwenini akapumzike, anapelekwa hospitali.

Mambo mengine mawili hutajwa sana askari wa kike wanapozungumziwa. La kwanza ni madini ya chuma. Akiba ya chuma hupungua kwa wanawake wengi wakati wa mafunzo ya awali, na upungufu huo huwaumiza zaidi katika mbio kuliko katika pushapu, lakini mtu aliyechoka mwili mzima hawezi kujenga mikono. Nyama, maharage na mboga za kijani vina nafasi hapa, pamoja na chai inayosubiri saa moja baada ya chakula, maana chai huzuia chuma kisifyonzwe. La pili ni hedhi. Wapo wanaojisikia wazito siku fulani na wapo wasioona tofauti yoyote, na athari yake kwa nguvu za misuli, ikipimwa kwa wengi, hutoka ndogo na isiyotabirika. Kupanga mazoezi yote kwa kalenda hiyo ni kujipa kazi isiyo na malipo.

Kwamba namba kubwa zinafikika kulionekana mwaka 2015, Shule ya Ranger ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani ilipofungua milango kwa wanawake. Huko hakukuwa na jedwali la umri wala la jinsia: pushapu 49 ndani ya dakika mbili, na wasimamizi wanaojulikana kwa kurudia namba bila kuona haya. Kati ya wanawake 19 walioanza mwezi Aprili, 16 walivuka mtihani wa mwili wa siku ya kwanza. Kristen Griest na Shaye Haver walihitimu mwezi Agosti, na Lisa Jaster, mama wa watoto wawili mwenye miaka 37, akafuata mwezi Oktoba. Walikuja wamejiandaa kwa miezi mingi, na hilo lina uzito kuliko kipaji.

Mwaka 2022 mtihani wa zamani ulipisha mwingine, na pushapu yenyewe ikabadilika. Sasa askari hushuka mpaka kifua kilale chini, huinua viganja na kunyoosha mikono pembeni, huirudisha, kisha hujisukuma mwili wote kwa pamoja. Kila pushapu inaanzia kwenye mwili uliotulia, bila mdundo wa kurukia juu, kwa hiyo inadai nguvu halisi. Wakati huo huo, kila mara kifua kinapolala misuli hulegea na damu hupita, jambo ambalo pushapu ya zamani haikuliruhusu. Muda nao unageuka kuwa kizuizi, kwa kuwa kunyoosha na kurudisha mikono kunakula sekunde. Matokeo yake yalionekana kwenye jedwali la mwaka huo la kundi la miaka 17 hadi 21: kufaulu kulikuwa pushapu 10 kwa wote, na alama zote 100 zikawa 57 kwa wanaume na 53 kwa wanawake. Pengo la 71 na 42 halikuwamo tena. Haielekei kwamba wanawake wa 2022 waliwazidi dada zao kiasi hicho. Huenda namna ya kupima imeacha kuadhibu nguvu ndogo peke yake, na ule ustahimilivu uliokuwa umefichika umepata nafasi ya kuhesabiwa.

Yule binti wa Lushoto alifanya mitihani yote miwili kabla ya mkataba wake kwisha. Ule wa zamani aliuvuka kwa pushapu za meza na za ngazi. Mpya aliuona mwepesi kwa mikono na mgumu kwa pumzi, akalazimika kujifunza upya mwendo: kutoa pumzi anapopanda, kuvuta anaponyoosha mikono, na kutokimbilia ishirini za kwanza. Tangu Juni 2025 mtihani umebadilishwa tena ukawa na mazoezi matano. Pushapu ya kuachia viganja imebaki, na kwa fani 21 za mapigano kipimo ni kimoja kwa wanawake na wanaume.